Alifuta Historia, Akaacha Vidakuzi

“Toa mkono hapo, Bwana Chiu! Usibonyeze!”

Sajini Yen Shu-fang hakuwa na kawaida ya kupaza sauti kwenye nyumba za watu, lakini asubuhi hiyo alipaza. Chiu Wen-pin akaganda, kidole kikielea juu ya kipanya. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na swali lililosubiri jibu lake: Futa vidakuzi vyote?

“Nilikuwa nasafisha tu, Afande,” alisema. “Kila nikifungua ukurasa wa oda linatokea tangazo la wazee wanaotafuta wachumba. Wateja wanaona. Ni aibu.”

“Hiyo aibu yako ndiyo ushahidi wangu. Sogea.”

Wen-pin akasogea. Alikuwa mwoka keki wa miaka arobaini na sita, mpana wa mabega, unga umemfika mpaka kwenye nyusi. Mama yake, Bibi Pan Yueh-o, mwenye miaka sabini na miwili, alitoka nyumbani Jumatano alfajiri na kuacha kikaratasi kwenye mlango wa jokofu: Natoka kidogo. Msinitafute. Kuleni. Tangu hapo simu yake ilikuwa imezimwa. Sasa ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, na mtaa mzima wa nyuma ya hekalu, pale mjini Fengyuan, ulikuwa umekwisha kutoa hukumu: bibi kafukuzwa na mke wa mwanawe.

Mke mwenyewe, Fan Mei-yun, alisimama mlangoni mwa duka, mikono kifuani. Tangu wafungue, wateja sita walikuwa wamenunua bila kumsalimia.

“Tuanze na vitu vidogo,” Yen alisema, akatoa daftari. “Amechukua nini?”

“Begi la mgongoni,” Mei-yun alijibu. “Kofia. Na dawa zake za presha.”

“Zote?”

“Hapana. Tunampangia kwenye vile visanduku vya siku, vinavyochomoka. Amechomoa cha Jumatano mpaka cha Jumamosi. Cha Jumapili kipo.”

Yen akaandika. “Basi Jumapili anatarajia kuwa hapa. Mtu aliyekimbia kwa hasira hahesabu vidonge.”

“Kawaambie majirani hivyo.”

“Majirani wanasema mligombana Jumanne jioni.”

“Tuligombana, sikatai.”

“Kisa?”

“Mizani.”

Kalamu ya Yen ikasimama. “Mizani gani?”

“Ya unga! Naingia jikoni, namkuta mama mkwe wangu kapanda juu ya mizani ya unga, na viatu vyake. Nikamwambia, Mama, hicho ni chombo cha chakula cha watu. Badala ya kushuka ananiambia, ‘Nikishuka, panda na wewe tuone.’ Tuone! Mbele ya wafanyakazi wawili! Anajua kabisa mwaka huu nimenenepa. Nikamjibu vibaya, naye akanijibu vibaya zaidi. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Sijamwona tena.”

“Si ungepanda tu yakaisha?” Wen-pin alinong’ona.

“Panda wewe!”

Yen aliandika neno ‘mizani’, akalipigia mstari. Kisha akaelekeza kalamu uani, ambako baiskeli nyekundu ilikuwa imefungwa kwa mnyororo mzito kuliko baiskeli yenyewe. “Ile ya nani?”

“Ya Mama,” Wen-pin alisema. “Mwaka juzi alianguka ngazini, akateguka kifundo. Tangu hapo nimesimamisha baiskeli. Na ngazi ya kupandia. Na safari za nje ya mji na wenzake.”

“Ufunguo anao nani?”

Wen-pin akapapasa mfuko wa suruali. Yen akaliandika na hilo.

Akavuta kiti mbele ya kompyuta. Ilikuwa ya familia nzima, chumba cha nyuma ya duka, kati ya magunia ya sukari na kalenda ya muuza siagi. Alifungua historia ya kivinjari. Ilikuwa tupu mpaka Jumatano saa kumi alfajiri.

“Nani amefuta?”

“Mimi sijui hata inafutiwa wapi,” Wen-pin alisema.

“Mimi vilevile,” alisema Mei-yun.

“Basi amefuta mama yenu.”

“Mama? Mama hata rimoti ya televisheni huniita mimi!”

“Huenda anakuita kwa sababu nyingine. Haya, mkiniruhusu, nataka kuona biskuti zake.”

Mei-yun akatoka. Alirudi na sinia. “Za nanasi hizi, za maharage mekundu hizi. Za ufuta bado zimo kwenye oveni.”

Kwa lugha ya kule vidakuzi huitwa biskuti tu, na kwenye nyumba ya waoka keki Yen alipaswa kukumbuka hilo. Alicheka mpaka miwani ikamshuka. Mei-yun naye, alipoelewa, akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Yen akachukua moja ya nanasi ili asimvunjie heshima.

“Biskuti za kompyuta, dada. Vidakuzi. Ukiingia kwenye tovuti, inaacha alama ndogo humu ndani ili ukirudi ikutambue: lugha uliyochagua, vitu ulivyoweka kwenye kapu, kama umekwisha kuingia au bado. Historia ni daftari la safari zako. Vidakuzi ni vile vitu ambavyo wenyeji wamekutilia mfukoni wakati unaaga. Bibi kachana daftari. Mifuko hakuikagua.”

“Na mimi nilitaka kuikung’uta yote,” alisema Wen-pin.

“Ulibakiza pumzi moja.”

Yen aliingia kwenye mipangilio, akatafuta sehemu ya faragha, akafungua orodha. Majina yakamwagika. Mia nne na kumi na moja.

“Mia nne!” Wen-pin alishika kichwa. “Watu wote hao wamo ndani ya nyumba yangu?”

“Nyumba yenu ina adabu. Kwangu wamefika elfu moja.”

“Afande, mimi najua kilichotokea.” Wen-pin aliinama, sauti ikashuka. “Mama ametapeliwa. Kuna mwanamume. Matangazo ya wachumba, matangazo ya hoteli za fungate, yote yametokea wiki hizi mbili. Tafuta hiyo tovuti ya wachumba, jina la huyo mtu tutalipata.”

Lilikuwa wazo la maana, na Yen hakulidharau. Aliandika jina la tovuti hiyo kwenye kisanduku cha kutafutia. Hakuna. Akaliandika tena, kwa herufi nyingine. Hakuna.

“Hajawahi kuingia,” alisema.

“Lakini tangazo—”

“Sikiliza. Angeingia humo, tovuti yenyewe ingeacha kidakuzi chenye jina lake. Hakipo. Kilichopo ni hiki.” Alikigonga kwa kalamu. “Hiki ni cha kampuni ya matangazo, kampuni ya nje kabisa. Imekaa pembeni kwenye tovuti mia, ikamfuata kutoka moja kwenda nyingine. Imeona mwanamke wa umri wake anaangalia nyumba za kulala wageni. Ikabahatisha. Tangazo ndilo lililomwona mama yako. Yeye hakulitafuta.”

Wen-pin alishusha pumzi, lakini nusu tu. “Basi nyumba za wageni aliziangalia.”

“Sasa unaanza kufikiri kama askari. Kula keki, subiri.”

Kazi iliyofuata haikuwa na mbwembwe. Yen alifungua vidakuzi kimoja kimoja na kuandika tarehe kilipowekwa, na Mei-yun akamsomea ili kwenda haraka. Baada ya dakika arobaini Yen aliweka kalamu chini.

“Mnaona? Mpaka Jumatatu ya wiki iliyopita, kampuni za matangazo zinaingia kama maji. Thelathini kwa siku. Kuanzia Jumanne jioni, zimekatika. Tovuti zinaendelea kufunguliwa, lakini kila moja imeacha kimoja au viwili tu, vya lazima. Jumanne ile kulitokea nini?”

“Jumanne ana darasa,” alisema Mei-yun. “Kompyuta kwa wazee, kwenye chuo cha jamii.”

Mwalimu aliitwa Lo. Alipokea simu kwenye mlio wa pili, Yen akaweka spika.

“Bibi Pan!” alisema kwa furaha. “Mwanafunzi wangu bora. Amefanya nini?”

“Ametoweka.”

“Kwa ustadi?”

“Mwalimu, Jumanne ya wiki iliyopita uliwafundisha nini?”

“Vidakuzi. Unajua kile kibango kinachokurukia ukifungua tovuti? Wengi hubonyeza ‘kubali vyote’ ili kiondoke. Mimi nikawaambia, someni! Bonyeza ‘mipangilio’, acha vya lazima, kataa vya matangazo. Bila vya lazima tovuti inakusahau kila ukigeuka, bila vya matangazo hupungukiwi na kitu. Halafu ndani ya kivinjari wenyewe wakazuia vya kampuni za nje. Bibi Pan alimaliza kabla yangu.”

“Na kufuta?”

“Kufuta ilikuwa Jumanne hii. Tulifuta historia, kengele ikalia. Vidakuzi tutafuta wiki ijayo.”

“Mwalimu,” alisema Yen, “kengele yako nitaiandikia barua ya shukrani.”

Akakata simu, akawageukia. “Basi matangazo yote yanayokutia aibu, Bwana Chiu, yanatokana na mambo ya zamani, kabla ya darasa lile. Alichokifanya juzi na jana kimo kwenye vile vichache vya kimya. Tuvihesabu.”

Vilikuwa vya tovuti tisa. Wen-pin alitambua ya oda, ya muuza siagi na ya mpira wa besiboli. Mei-yun alitambua tatu, moja ya mitindo ya nywele. Zikabaki tatu ambazo hakuna aliyezijua.

“Na ya treni?” Wen-pin aliuliza. “Ameondokaje bila tiketi?”

“Haimo, na hilo halinishangazi. Vidakuzi vingine huishi mpaka unapofunga kivinjari, basi. Mfuko una tundu.” Yen alibonyeza jina la kwanza.

Ukurasa ulifunguka: nyumba ya wageni yenye bustani ya mananasi na mlima nyuma. Ilikuwa wilaya ya Taitung, ng’ambo ya milima, upande mwingine wa kisiwa. Fomu ya kuweka nafasi ilikuwa bado imeshikilia alichochagua mgeni wa mwisho. Kulala siku tatu. Watu wawili.

“Wawili!” Wen-pin alipiga meza, sinia likaruka. “Si nilisema? Wawili! Taitung tuna nani? Hatuna mtu Taitung!”

“Kaa chini.”

“Miaka sabini na miwili, Afande!”

“Wen-pin, kaa chini,” alisema Mei-yun, na hapo akakaa.

Yen akafungua ya pili. Ilikuwa tovuti ya hali ya hewa. Ilimkumbuka mgeni wake vizuri: haikuuliza mji, ilikwenda moja kwa moja Luye, huko huko Taitung. Haikufungua ukurasa wa mvua wala wa joto. Ilifungua upepo, saa kwa saa, kuanzia saa kumi na moja alfajiri.

Kutoka jikoni ilisikika oveni ikilia kwamba za ufuta ziko tayari, na hakuna aliyekwenda.

“Luye,” alisema Mei-yun polepole. “Upepo wa alfajiri. Mwezi wa saba.”

Kila mtu kisiwani anajua kinachopaa Luye alfajiri ya mwezi wa saba.

“Maputo ya hewa moto,” Yen alimalizia. Tovuti ya tatu haikuwa na haja ya kufunguliwa, lakini aliifungua kwa ajili ya jalada: ilikuwa ya kuweka nafasi za kupaa. “Na kabla hawajakupa nafasi kwenye tenga la abiria, wanataka kujua kitu kimoja. Uzito wako.”

Mei-yun alikaa taratibu juu ya gunia la sukari.

“‘Nikishuka,’” alisema, “‘panda na wewe tuone.’”

“Watu wawili,” alisema Yen.

Mei-yun alifunika uso kwa aproni. Mabega yakawa yanatikisika, na kwa muda hakuna aliyejua kama analia au anacheka. Vilikuwa vyote viwili.

Yen alitoka uani na simu, akasimama kando ya baiskeli nyekundu. Utaratibu ulikuwa wazi: mtu mzima akipatikana salama, ni yeye anayeamua kama aliko patajwe. Mwenye nyumba ya wageni hakubisha. Alimwita mgeni wake aliyekuwa akimenya nanasi kibarazani.

“Bibi Pan? Hapa ni Sajini Yen, polisi Fengyuan.”

“Ee. Nilidhani nitafika Jumamosi kabla hamjanipata.” Sauti ilikuwa nzito na changamfu. “Mmenipataje? Nilifuta kila kitu.”

“Ulifuta historia. Vidakuzi vilibaki.”

“Ah! Lile ni somo la wiki ijayo!”

“Uko salama, Bibi? Hakuna mtu anayekulazimisha chochote?”

“Upepo ndio unaonilazimisha kusubiri. Leo asubuhi wameahirisha. Kesho wanasema utatulia.” Akameza kipande cha nanasi. “Mwanangu, mimi nimezaliwa bonde lile lile la Fengyuan. Sijawahi kuwa juu kuliko ghorofa ya tisa, na hiyo ilikuwa hospitali. Wen-pin ni mtoto mzuri, lakini tangu nianguke ananishika kama yai. Ningemwomba ruhusa angenifunga mnyororo pamoja na baiskeli. Sasa usimwambie niliko mpaka kesho saa moja, nikishatua.”

“Ningekaa kimya, ni haki yako, lakini vidakuzi tumevisoma pamoja naye. Na kuna jambo hulijui. Mtaani wanasema Mei-yun ndiye aliyekufukuza. Hakuna anayemsalimia.”

Nanasi halikutafunwa tena.

“Mei-yun?” alisema Bibi Pan. “Mei-yun wangu? Mpe simu. Mpe sasa hivi, na weka ile sauti kubwa, na ufungue mlango wa duka.”

Yen alirudi ndani, akaweka simu juu ya kaunta na kufungua mlango wa duka. Wateja wanne walikuwa kwenye foleni, akiwemo jirani wa mkono wa kushoto, ambaye ndiye aliyeanzisha maneno.

“Mei-yun!” simu ilinguruma. “Wewe mtoto! Unaambiwa panda mizani, unanuna, mpaka nikaja peke yangu! Nilitaka kilo zako niziandike kwenye fomu! Nafasi ya pili ni yako, nani mwingine ningempeleka, huyu mwanangu anayeogopa hata ghorofa ya pili?”

“Mama, si ungesema!” Mei-yun alilia. “Nilidhani unanisema unene!”

“Unene uko wapi? Niliandika sitini na mbili kwa kukisia. Nimekosea?”

Mei-yun aliangalia foleni, akaangalia simu. “Mama, hiyo tutaizungumza baadaye.”

Foleni nzima ikaangua kicheko. Jirani wa kushoto hakucheka. Alikuwa akiangalia keki za maharage kana kwamba zimeandikwa kitu. Kisha akasogea mbele, akasema kwa sauti ya chini, “Dada Mei-yun, habari za asubuhi,” akanunua maboksi matatu.

Wen-pin alisimama nyuma ya kaunta, unga wa nyusi umelowa jasho. Alimwangalia mkewe. “Na mimi jana usiku nilikuuliza umemwambia nini Mama,” alisema. “Niliuliza kama polisi. Nisamehe.”

“Uliuliza vibaya kuliko polisi,” Mei-yun alijibu. “Polisi amekula keki yangu kwanza.” Lakini alikuwa akifungua aproni. “Treni ya saa sita ninaipata?”

“Mama,” Wen-pin aliinamia simu, “na likianguka?”

“Nitaangukia nanasi. Pika oda za hekalu, uache kunizeesha.”

Wen-pin alipaswa kupinga. Yen alimwona akikusanya maneno, akayashika, kisha akayaachia. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo mdogo na kuuweka juu ya kaunta, mbele ya simu, ingawa mama yake hakuweza kuuona. Halafu akakimbilia jikoni kuokoa keki za ufuta.

Kabla ya kuondoka, Yen aliomba ruhusa kwenye kompyuta. Alichagua vidakuzi vya kampuni za matangazo, akavifuta, akaacha vya lazima, na kwenye mipangilio akahakikisha vya nje vimezuiwa. Kisha akafungua ukurasa wa oda. Mahali pa wazee wanaotafuta wachumba palikuwa na tangazo la matairi.

“Sasa hawanijui tena?” Wen-pin aliuliza.

“Wanajua una kompyuta tu. Tangazo halikomi, linaacha kukufuata. Kibango kikitokea tena, soma kabla ya kubonyeza.”

Siku ya pili, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Wen-pin aliingia kituo cha polisi akiwa na boksi la keki na simu iliyokuwa tayari inalia. Yen alikuwa akimalizia zamu pamoja na Konstebo Ke, mwenzake wa miaka mingi. Wakaegemeza simu kwenye birika la chai.

Kwanza waliona anga tu, samawati kabisa. Kisha mlio wa moto, kama mtu anayepasua shuka refu, na nyuso mbili zikaingia kwenye kioo, nywele zikipepea: Mei-yun ameng’ang’ania ukingo wa tenga kwa mikono yote miwili, akicheka bila sauti, na kando yake Bibi Pan, kofia imefungwa kidevuni kwa kamba, ameachia mikono yote.

“Wen-pin! Unaniona?”

“Nakuona, Mama! Shika kitu!”

“Nishike nini, hakuna kinachotikisika! Angalia!” Simu ikageuzwa. Chini kulikuwa na mashamba ya chai na nanasi, mto uliong’aa, reli nyembamba, na kivuli cha puto lao kikitembea juu ya mapaa ya nyumba. Konstebo Ke, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alisema, “Salaale!”

“Rubani anasema tuko mita mia tatu hamsini,” alisikika Mei-yun. “Wen-pin, nimesema uzito wangu mbele ya watu wote na bado tumepaa!”

Wen-pin alikuwa akijifuta macho kwa mkono wenye unga, akazidi kuyaharibu. “Mwakani,” alisema, na ikabidi aanze tena, “mwakani niandikieni na mimi.”

“Kilo ngapi?” mama yake alipiga kelele kutoka angani.

“Mia moja na nne!”

“Rubani anauliza kama utakuja na puto lako!”

Kituo kizima kikacheka. Ke alimwaga chai. Yen, akiwa bado anacheka, alivuta jalada la mtu aliyepotea ili alifunge kabla zamu haijaisha. Alijaza jina, umri, tarehe na saa, hali ya afya: nzuri sana. Kwenye mstari wa mahali alipopatikana alisita kidogo, akainua macho kwenye kioo, kisha akaandika kwa mwandiko wake safi: Angani, mita mia tatu hamsini juu ya Luye, pamoja na mke wa mwanawe.

Akapiga muhuri.